Mzee Anapopigana Usingizini: Yanayosemwa Goma na Yaliyo Kweli

Miaka sita kabla baba hajaanza kupotea njia akitoka soko la Virunga, alikuwa tayari anapigana usingizini. Alirusha mateke, alitukana watu wasiokuwepo, alipiga ukuta wa mbao hadi majirani wakagonga upande wa pili, na usiku mmoja ngumi ikamtua mama ubavuni. Mama hakusema neno. Alibeba godoro dogo akahamia sebuleni kwa wajukuu, na tulipomuuliza alisema ni mkoromo. Leo baba ana dimensia, ugonjwa ambao madaktari wetu huuita kwa Kifaransa démence na mtaani tunauita ugonjwa wa kusahau, na kila anayekuja kutujulia hali ana maelezo yake kuhusu zile kelele za usiku. Nimeyasikia yote. Machache yametusaidia. Mengine nusura yatuulie mzee.

"Ni pepo. Au ni yeye mwenyewe anatoka usiku."

Kiswahili chenyewe kinachangia. Jinamizi ni ndoto ya kutisha, na hapohapo jinamizi ni kile kitu kinachokuja gizani kumkalia mtu kifuani. Ndiyo maana mzee akiweweseka, mtaani hawaulizi anaumwa nini, wanauliza nani kamtumia. Na akiwa mjane asiye na watoto karibu, swali linamgeukia: yeye huwa anakwenda wapi usiku?

Jibu liko nyuma ya kichwa, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Tukiingia kwenye usingizi wa ndoto, shina la ubongo hulegeza misuli ya mikono na miguu na kuifunga isitii. Unakimbizwa na mbwa ndotoni na blanketi halitikisiki. Kwa watu wengine kufuli hilo huharibika. Mwaka 1986, huko Minnesota, Marekani, madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo, watu wazima waliokuwa wakizitenda ndoto zao kitandani. Baadaye likaonekana jambo zito zaidi: wengi wa watu hao, miaka ikipita, hupata Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, au dimensia ya Lewy. Jina hilo ni la Friedrich Lewy, aliyeeleza mwaka 1912 mabonge madogo ndani ya seli za ubongo. Basi ile ngumi iliyomtua mama ilikuwa dalili, imetangulia usahaulifu kwa miaka. Si kila anayerusha teke anaelekea huko, maana hata baadhi ya dawa za kutibu huzuni huleta hali hiyo, lakini mwanamume aliyevuka miaka hamsini akianza kupigana usingizini, inafaa aonwe na daktari mapema.

Sisi tulianzia chumba cha maombi. Siku tatu za kufunga, mkesha juu ya mkeka, bila maji hadi jioni. Siku ya nne aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mzee mwenye ugonjwa huu akikosa maji na usingizi, akili huvurugika, pepo awepo asiwepo. Sina ugomvi na maombi. Wimbo uleule wa kanisani, kila jioni baada ya kula, taa ikiwa imepunguzwa, humtuliza baba kuliko chochote tulichowahi kununua famasi. Ugomvi wangu ni ule mkesha.

"Usimwamshe, roho yake haijarudi."

Roho haijaenda popote. Cha kuogopa ni mkono wake. Simama upande wa miguu, washa taa, mwite kwa sauti ya kawaida, na usimshike mabega, kwa sababu katika ndoto yake wewe unaweza kuwa yule adui. Kwa kawaida anayetenda ndoto huamka upesi na anaweza hata kukusimulia alichokuwa anakikimbia. Dimensia ikiwa imezidi, macho hufunguka ila ndoto inabaki chumbani kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

"Mwambie ni ndoto tu, atatulia."

Nilimwambia mara mia. Ndoto ya baba karibu kila mara ni ileile: moto unashuka. Alikuwa hapa tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipopasuka na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Alikimbilia Gisenyi na mdogo wangu mgongoni. Tarehe 22 Mei 2021 alikimbia tena. Januari 2025 zikawa risasi. Dimensia mara nyingi huanza kufuta ya juzi na jana, ya zamani yakabaki, na hofu yake ikabaki nayo. Sasa mtu kama huyo umwambie "hakuna kitu, lala"? Goma? Yeye anajua wewe ndiye uliyesahau.

Kilichofaa zaidi kilikuwa dirisha, na aliyeligundua ni mama. Usiku mmoja alijilaza kwenye kitanda cha baba ili aone anachokiona yeye, akakuta wekundu wa mlima umekaa juu ya mawingu, katikati kabisa ya dirisha, mbele ya macho. Kitanda kilikuwa kimeelekezwa kaskazini. Tukakigeuza, tukaning'iniza kitenge kilichokunjwa mara mbili. Tuligundua pia kwamba chandarua cheupe, kikimulikwa na tochi kutoka mlangoni, husimama kama mtu aliyevaa kanzu. Kukiondoa haiwezekani, malaria ipo, kwa hiyo tunakichomeka vizuri chini ya godoro na taa tunaiweka upande mwingine. Ndoto hazikuisha. Zilipungua.

Na maneno tukayabadilisha. Sasa nasema: "Papa, ni mie. Umeona moto? Pole sana. Watoto wote wako ndani, tumewahesabu." Kuhesabu ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu mwaka 2002 swali lake barabarani lilikuwa nani hayupo. Ananiuliza majina, namtajia mmoja mmoja, na akifika kwa kitinda mimba huwa ameshaanza kusinzia. Simbishii kuhusu moto, wala simwambii kwamba nami nauona.

"Mpe ya kulala, nyote mpumzike."

Hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza. Famasi moja ilituuzia promethazini bila hata kuuliza mgonjwa ana miaka mingapi. Alilala usiku wa kwanza na wa pili, tukashukuru. Siku ya tatu alivuta nguo zake, akaona watu wakitembea juu ya mabati, akampiga mjukuu kwa kiko cha mkono. Jirani akasema kwa upole: ugonjwa umepanda, ndivyo ulivyo, jitayarisheni. Muuguzi tuliyemwita hakubishana na mtu. Alimlaza baba, akaweka kiganja chini ya kitovu, akakikuta kibofu kimejaa na kukaza kama boga. Mzee hakuwa amekojoa tangu jana yake. Akamwekea mpira wa mkojo, ndoo ikapokea zaidi ya lita moja, na baba akalala papo hapo, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyonya.

Dawa ile huzuia kemikali iitwayo asetilikolini. Kumbukumbu inaihitaji, na kwa mwenye ugonjwa wa Alzheimer, dimensia inayoonekana zaidi, imeshapungua. Kibofu nacho kinaihitaji ili kibane na kutoa mkojo. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba akiinyimwa, mkojo hukwama. Chlorpheniramini tunayomeza kwa mafua ina tabia hiyohiyo. Diazepamu na ndugu zake humwamsha mzee akiwa mlevi, akianguka anavunjika nyonga. Haldol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ni hatari ya aina yake: kwa mwenye dimensia ya Lewy yaweza kumkakamaza mwili, kumzimisha fahamu, hata kumwua. Basi kama mzee wako anapigana usingizini, au anaona watu na wanyama wasiokuwepo, mwambie hilo daktari kabla sindano yoyote haijavutwa.

Tangu siku ile tuna kanuni moja. Dimensia hupanda polepole, kwa miezi. Ikiwa usiku umeharibika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, tunatafuta kitu kingine: tunapima malaria na mkojo, tunasikiliza kifua, tunauliza ana siku ngapi hajapata choo, amekunywa maji kiasi gani, jino au goti linamwuma. Mzee anaweza kuwa na maambukizi mazito bila joto mwilini, kwa hiyo paji la uso lililopoa lisikudanganye.

Tunaangalia na dawa anazomeza tayari. Propranololi ya presha inaweza kuleta ndoto mbaya, meflokwini ya malaria nayo, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI nayo. Donepezili, dawa ya dimensia ambayo jamaa wa Ubelgiji hututumia kwenye bahasha, ikimezwa jioni inaweza kumfanya mtu aote kwa ukali. Mara nyingi daktari akiihamishia asubuhi, usiku hutulia. Ila kuhama kwenyewe kuamuliwe na daktari, na dawa ya presha usiikatize mwenyewe.

"Huko ni kwa wendawazimu."

Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain, vyote vituo vya magonjwa ya akili vya watawa Wakatoliki wa Frères de la Charité. Watu huogopa kuonekana langoni. Sisi tuliingia na daftari na simu. Kwenye daftari tuliandika wiki mbili za saa za kulala, kuamka, kukojoa, chakula na dawa; kwenye simu mdogo wangu alikuwa amerekodi dakika mbili za baba akipigana usingizini. Daktari aliitazama ile video mara tatu. Maelezo yetu ya nusu saa hakuyahitaji tena.

"Wazee hawahitaji usingizi."

Wanauhitaji: saa 7 hadi 8 kwa aliyepita miaka 65. Kinachoharibika ni saa ya ndani, kikundi kidogo cha seli katikati ya ubongo kinachosoma mwanga wa macho na kuamua huu ni mchana, huu ni usiku. Dimensia hukijeruhi. Sisi tulio karibu hivi na ikweta tuna bahati ambayo hatuitumii, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Lakini baba alikuwa anashinda sebuleni, nyumba ya mbao, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, giza la saa nne asubuhi. Saa ya ubongo itasoma nini humo? Sasa akimaliza uji anakaa kwenye benchi nje, kwenye mawe meusi, anawasalimia wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Usingizi wa mchana ni nusu saa, kabla ya saa tisa. Kumnyima kabisa ni kosa jingine, jioni anakuwa mkali. Chai ya majani mwisho mchana. Soksi usiku, maana baridi ya Goma pia humwamsha mtu.

Kuhusu glasi ya kasiksi, pombe ya ndizi, ya kumlaza: itamlaza, halafu saa nane ya usiku pombe ikiisha mwilini ndoto hurudi kwa fujo. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikatizwe ghafla bila daktari, hilo nalo huleta mkanganyiko wa hatari.

"Panga libaki chini ya kitanda, hapa ni Goma."

Hili lilitugawanya. Mjomba alisema mwanamume halali bila panga, na kwa yaliyotokea mjini sikuweza kumcheka. Lakini mtu anayetenda ndoto za vita, panga likiwa umbali wa mkono? Tulimwachia mjomba alitunze kwake. Fundi akakata miguu ya kitanda ikabaki shubiri moja, meza yenye kona ikatoka chumbani, na taa ya kioo ikapishana na ya sola. Usiku tunapokezana, mimi Jumatatu hadi Alhamisi, mdogo wangu siku zilizobaki, kwa sababu mwezi ule niliojaribu peke yangu nilimfokea baba mbele ya watoto wake wote.

Mama amerudi chumbani. Analala kwenye godoro lake sakafuni, hatua mbili kutoka kitandani, mahali ngumi haifiki. Wiki ya kwanza baba alikuwa akipapasa chini ya kitanda kila jioni akilitafuta panga, hakuliona, akawa haishi kunung'unika, hadi mama alipoweka pale tochi ndogo ya plastiki. Sasa mkono ukishuka unaikuta. Anaiwasha, anamulika godoro la mama mpaka aone shuka linapanda na kushuka, anaizima.