Bingo ya hisani: "kila mtu anaweza kucheza" na mengine niliyochoka kuyasikia

Nimeambiwa tena wiki hii. Kamati ya chama cha watu wenye ulemavu inaandaa usiku wa bingo wa kuchangisha fedha. Nauliza wanachama wasioona watachezaje, najibiwa: "Aa, bingo ni rahisi, kila mtu anaweza kucheza. Ni kukaa na kusikiliza tu."

Si kweli. Bingo inadai masikio, macho, mikono na sauti, tena vyote kwa mpigo. Msoma namba hutoa mipira yenye namba mmoja mmoja, na anayekamilisha kwanza mstari kwenye kadi yake hushinda. Kadi ya mchezo wa mipira 75 ina safu tano zenye herufi B, I, N, G na O, namba 24 na kisanduku cha bure katikati. Namba ikitajwa, una sekunde chache za kuitafuta na kuitia alama. Isitoshe, kumbi nyingi zina kanuni kwamba mshindi adai ushindi kwa kupiga kelele "Bingo!" kabla namba inayofuata haijatajwa. Mwenye kigugumizi, au anayezungumza kwa lugha ya alama, anaweza kukamilisha mstari akakosa zawadi kwa sababu tu hakupiga kelele kwa wakati. Ukumbi mzima unampigia makofi mwingine, kwenye hafla iliyoandaliwa kwa jina lake!

Kiswahili nacho kina mtego wake. "Kumi na sita" na "kumi na tisa" kwenye spika inayokwaruza ni neno moja kwa mwenye usikivu hafifu, na zote ziko safu ya I, kwa hiyo herufi inayotajwa pamoja na namba haimwokoi. Kutaja tarakimu mojamoja hakusaidii: "moja, sita", "moja, tisa", mtihani uleule. Kurudia mara tatu ni kurudia mkanganyiko mara tatu. Dawa ni namba ionekane, kwenye skrini au ubao ulioinuliwa juu, na ikae hapo mpaka nyingine ije. (Hakikisheni mipira ya 6 na 9 ina mstari chini. Nimeshaona mchezo ukisimama kwa mpira ulioshikwa kichwa chini.)

Mengine ni ya kawaida: kadi za maandishi makubwa, kadi za breli, vibao vyenye vifuniko vya kufunika namba ili vidole visisukume alama. Mkalimani asimame penye mwanga. Kila meza iwe na kibendera cha kuinua badala ya kupiga kelele, na kibendera kihesabiwe sawa na sauti. Msoma namba apunguze kasi. Anayesoma breli kwa vidole hana jicho la kurukaruka kwenye kadi. Nami sichoki kusisitiza hili: fanyeni mchezo mmoja wa majaribio na wanachama wenyewe kabla ya kuchapisha kadi, maana baada ya hapo mtaniambia mmechelewa.

"Ni hisani, kwa hiyo si kamari." Mtu analipa, bahati inaamua, mshindi anapata zawadi. Nchi nyingi huhesabu hiyo ni kamari hata mapato yakienda kwa yatima, na huweka kibali au masharti mepesi kwa vyama vya hisani. Ulizeni mamlaka husika kwanza, tiketi baadaye.

"Ukumbi ukijaa, tumechangisha." Mmekusanya. Tuseme katika kila 100 iliyoingia, zawadi zimekula 50, ukumbi 20, uchapishaji na vinywaji 15. Chama kimebaki na 15, na mhazini anatangaza 100 kwenye kipaza sauti. Ombeni zawadi zitolewe bure na wafadhili, hapo ndipo hesabu hugeuka.

"Kadi hii ina bahati." Kadi zikiuzwa 100, mwenye 5 ana nafasi 5 kati ya 100, azichague kwa macho au kwa dua. Mipira haikumbuki mchezo uliopita. Ila wekeni kikomo cha kadi kwa mtu mmoja: mwenye kadi kumi huenda asiweze kuzifuatilia zote, na ndiye atakayeomba namba irudiwe kila dakika.