Vita vya visanamu mezani sio mchezo wa matajiri

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba ukitaka kucheza vita vya kihistoria mezani, vile vya kupanga visanamu vya askari wa Roma au wa Napoleon alafu mnarusha dadu, lazima kwanza uwe na mamia ya visanamu vilivyopakwa rangi na meza inayojaza chumba. Sio kweli. Ila inaeleweka imetoka wapi, maana picha zinazosambaa ni za majeshi makubwa ya visanamu vya urefu wa kama milimita 28, na hivyo kweli vinakula hela.

Sasa chukua De Bellis Antiquitatis, sheria za kuchezea vita vya zamani mezani, zilitoka 1990. Jeshi zima ni vibao 12 tu vya kubandikia visanamu, kila kibao ni kikosi, na kwa visanamu vya milimita 15 unahitaji uwanja wa kama sentimita 60 kwa 60, yaani meza ndogo ya sebuleni inatosha kabisa na gemu mara nyingi inaisha ndani ya saa moja hivi. Au kuna askari wa plastiki wa 1/72, yaani wamepunguzwa mara 72 kuliko mtu halisi, wale wa kampuni kama Airfix, boksi moja unapata askari wengi tu.

Hela haipo kabisa? Kata kadibodi, andika mikuki, farasi, mishale, cheza. Sheria zinaangalia ukubwa wa kibao, uzuri wa kisanamu ni raha yako wewe. Alafu tengeneza majeshi yote mawili mwenyewe, Roma na Karthago kwa mfano, maana ukisubiri rafiki anunue lake utasubiri sana. Rangi baadae.