Mahindi ya Kasumbalesa: biashara ya mpakani inavyogusa ini la mlaji

Sehemu kubwa ya bukari (ugali) ya Lubumbashi, Kongo-Kinshasa, hutoka Zambia, ikiwa mahindi au ikiwa unga uliokwisha kusagwa, kupitia mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulikausha mashamba huko, na mwezi Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa. Nchi yenye upungufu wa namna hiyo inaruhusiwa kuzuia kwa muda chakula kisiuzwe nje; kipengele cha 11 cha GATT, mkataba wa biashara ya kimataifa, kinasema hivyo. Kumlaumu jirani akizuia, basi, hakutufikishi mbali.

Kinachotuhusu katika afya ya jamii ni yanayofuata baada ya zuio kama hilo. Mahindi hayaachi kuvuka, ila yanapita njia za panya, ambako hakuna anayeyapima. Bei ya meka, kipimo cha sokoni, ikipanda, hata punje zilizovunjika na zenye ukungu, ambazo zingepepetwa zikatupwa, husagwa pamoja na nzima.

Hapo ndipo sumukuvu, yaani aflatoksini, inapoingia. Hutengenezwa na kuvu wa Aspergillus kwenye punje zenye unyevu na joto, na kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua, 125 wakafa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini B. Ndiyo maana chanjo ya homa hiyo kwa mtoto, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, isirukwe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, imeweka kikomo: mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa usalama wa chakula nao unaipa nchi haki ya kuzuia shehena, mradi iwe na ushahidi wa kisayansi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena, kwa sharti la cheti cha kipimo.

Cheti peke yake hakitoshi. Sumu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na aliyechota gunia moja la mlangoni atapata jibu zuri la uongo. Chota kwenye magunia mengi, ya juu, ya katikati na ya chini, changanya, ndipo upime. Lori nalo likikaa foleni siku kadhaa chini ya turubai, mvuke wa mchana hugeuka maji usiku na kulowesha magunia ya juu. Hayo yapimwe kwanza.

Mnunuzi asiye na mashine atumie chumvi. Jaza punje hadi theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: anika kabla ya kuhifadhi. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu, hakionyeshi sumu. Kukoboa hupunguza sumu, lakini nyingi hubaki kwenye pumba; ng'ombe akilishwa pumba hizo, sehemu yake inarudi kwetu kwenye maziwa.

Enzi za Moïse Katumbi, gavana wa Katanga, makampuni ya migodi yaliagizwa kulima mahindi hekta 500 kila moja. Wazo halikuwa baya, ila mavuno bila vikaushio na ghala huoza yakiwa yetu wenyewe. Sheria ya madini ya 2018 inadai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Miradi ya fedha hizo inapojadiliwa, wenyeji waweke kwenye orodha kikaushio na ghala lenye sakafu iliyoinuliwa, si majengo peke yake.