Ridhaa pana si ruhusa ya kufanya lolote

Jamani hii ridhaa pana tuiweke sawa, maana kila mjadala wa sampuli za wagonjwa zilizotunzwa ukishika moto lazima atokee mtu aseme "si alishasaini", ukimuuliza alisaini nini anakwambia ridhaa pana, kwa hiyo watafiti wako huru nayo. Hawako huru. Na hili ni jambo la msingi, ndo maana linaniuma likisemwa kirahisi hivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu akitolewa kinyama cha kupima au akifanyiwa upasuaji, kile kipande kinaenda patholojia, yaani maabara inayochunguza tishu, kinalowekwa kwenye formalini (dawa ya kuzuia kisioze), kinazungushiwa nta ya parafini mpaka kinakuwa kibloku kidogo kigumu, wanakikata vipande vyembamba mno vya kuweka kwenye slaidi na daktari anasoma majibu. Kibloku kinachobaki hakitupwi, kinakaa kabatini miaka na miaka bila hata friji. Ridhaa pana ni pale mwenye hiyo tishu anapokubali itunzwe na itumike kwenye tafiti za baadaye ambazo leo hakuna anayezijua, kwa masharti aliyoelezwa. Basi. Sasa hayo maneno matatu ya mwisho ndo watu wanayameza.

Masharti gani? Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lile lililofanyiwa marekebisho 2016, limeyataja wazi kabisa: mtu ajue lengo la kutunza sampuli, hatari zake, nani anaruhusiwa kuzifikia, faragha yake inalindwaje, kama kuna biashara itafanyika na faida inagawanywaje, kama zinaweza kupelekwa taasisi nyingine au nchi nyingine, na kama wakikuta kitu kuhusu afya yake wataambiana vipi. Juu ya hapo ana haki ya kujitoa, na kila utafiti mpya lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili. Ukiyaondoa hayo yote ukabaki na sahihi tu, hiyo sio ridhaa pana tena, ni ridhaa ya jumla isiyo na mipaka, yaani chukua ufanye utakavyo, na miongozo ya kimataifa imeandikwa makusudi kuizuia.

Kuna kisa kinachoonyesha hili vizuri kuliko vyote na ni cha Wahavasupai, watu wanaoishi ndani ya korongo la Grand Canyon kule Arizona, Marekani. Kuanzia 1990 walitoa damu (damu nayo ni tishu, tusisahau) kwa watafiti wa Arizona State University, na wao walichokuwa wanajua ni kwamba kinachotafutwa ni kisukari, maana kisukari kilikuwa kinawamaliza. Ila fomu waliyosaini ilikuwa imeandikwa kwa upana, inataja magonjwa na matatizo ya tabia kwa ujumla. Baadaye damu ileile ikatumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), watu kuzaana ndani ya ukoo, na wahenga wao walihamia hapo wakitokea wapi, jambo linalogongana na imani yao kwamba asili yao ni palepale kwenye korongo. Walikuja kujua 2003, mmoja wao alipohudhuria utetezi wa tasnifu chuoni. Kesi iliisha 2010 kwa chuo kukubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Kwenye karatasi upana ulikuwepo, sahihi zilikuwepo, lakini watu hawakuwa wameelezwa, na ndo hapo ninaposema maelezo ndio ridhaa yenyewe, karatasi ni kumbukumbu tu kwamba maelezo yalifanyika.

Halafu kuna wale wa "mahakama ilishasema tishu ikishatoka mwilini sio yako". Wanamaanisha kesi ya John Moore, aliyetolewa bandama 1976 California kwa ajili ya saratani ya damu, daktari wake akatengeneza kutoka humo seli zinazoendelea kuzaliana maabara na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ikachukuliwa. Ni kweli Mahakama ya Juu ya California mwaka 1990 ilikataa kwamba zile seli ni mali yake, lakini hukumu ileile ilisema daktari alipaswa kumwambia kabla kwamba ana maslahi ya utafiti na ya pesa kwenye mwili wake, na akiyaficha basi ile ridhaa haikukamilika. Nusu hii ya pili siioni ikitajwa, wakati ndo inayohusu ridhaa.

Na lile la "jina limeshafutwa shida iko wapi". Kwanza mara nyingi jina halijafutwa, limebadilishwa kuwa namba na mahali fulani kuna orodha inayounganisha namba na mtu. Pili jeni hazimsemi mtu mmoja, zinawasema na ndugu zake. Henrietta Lacks alifariki 1951, seli zake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa zikaendelea kukuzwa maabara kwa jina la HeLa, na 2013 watafiti walipoweka hadharani jenomu ya seli hizo, yaani taarifa zake zote za jeni, ni wajukuu zake waliokuwa hai ndo siri zao za kurithi zilianikwa, ikabidi data ishushwe na yafanyike makubaliano mapya ambayo yaliipa familia nafasi kwenye kamati inayopitia maombi ya kuitumia.

Sisemi sampuli za zamani zifungiwe. Kinyama cha tezi ya limfu kilichochukuliwa Kinshasa 1960 na kukaa kwenye nta karibu miaka 50 kilisaidia wanasayansi, 2008, kukadiria kwamba VVU vilianza kusambaa kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1960 hakuna ambaye angeweza kuombwa ridhaa ya kuchunguzwa kirusi ambacho hakijajulikana. Kwa hali kama hizo, wenyewe hawapatikani tena au haiwezekani kuwafikia, Azimio la Helsinki, nalo la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, linaruhusu kamati ya maadili ipime na itoe kibali. Lakini hicho ni kibali cha kamati, mgonjwa hajaridhia kitu, tusimsemee.

Kwa hiyo kama wewe ni mtafiti na ulichonacho mkononi ni fomu ya upasuaji, andika tu kwamba mgonjwa aliridhia upasuaji, hakuna ubaya, halafu kaombe kibali cha utafiti kwa njia yake. Ridhaa pana itaje pale ambapo mtu alikaa akaelezwa tishu yake inabaki, itakuwa chini ya nani, na akibadili mawazo kesho ampigie nani.