Nyuzi zimetoka, kazi ndiyo kwanza inaanza

Ncha ya jani la mkonge ni kali kama shazia. Ikimchoma mtoto jichoni, kioo cha jicho hutoboka, na lenzi iliyo nyuma yake ikiguswa tu, huanza kugeuka nyeupe kama tui. Akiletwa mapema tunashona, tunaondoa lenzi iliyoharibika, tunapambana na fangasi wanaoingia na mwiba. (Tafadhali, msiung'oe uliokwama, wala msitie dawa ya majani. Mfunikeni kwa kitako cha kikombe cha karatasi bila kuligandamiza jicho, mje siku hiyohiyo.)

Wiki zinapita, nyuzi zinatolewa, wekundu umekwisha, mzazi anashukuru. Mimi hapo ndipo hofu inaponiingia.

Anayeona ni ubongo, na ubongo wa mtoto huendelea kujifunza kuona mpaka miaka 7 au 8 hivi. Ukiletewa picha safi na jicho moja, na ukungu na jingine, hulipuuza lenye ukungu. Kidonda kimepona, jicho halioni. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel waliwafumba paka wachanga jicho moja wakaona jambo hilohilo. Utafiti wao wa kuona uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Mtu mzima akichomwa hivyo hana shida hii, ubongo wake ulishajifunza. Mtoto wa miaka 3 hawezi kusubiri mwakani.

Kwa hiyo apate mapema lenzi ya bandia au miwani, kisha tunaziba jicho zima, lile lisiloumia. Mama mmoja wa Makorora alishtuka: "Daktari, unamfunga hili analoonea?"

"Ndiyo mama, saa kadhaa kila siku, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi."

Siku za kwanza mtoto alilia na kubandua kiraka. Nikamwambia mama amkalishe jamvini achambue choroko, apange vizibo vya soda kwa rangi, kazi zinazolitaka jicho litazame kwa karibu. Mwezi wa pili mwenyewe akawa anadai choroko zake.

Jicho zima nalo nalipima kila wakija. Likizibwa kupita kiasi laweza kudhoofika, na mara chache uvimbe wa ndani wa jicho lililoumia hulishika na hili zima. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona, aliumia jicho moja akiwa na miaka 3, kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kwa yote mawili.