Kaskazi, moto na bima ya nyumba Bagamoyo: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla masika hayajaanza, Bagamoyo hukauka. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka baharini, makuti yaliyoezekwa miaka kadhaa iliyopita hukatika ukiyagusa, na feni na viyoyozi hufanya kazi usiku kucha. Ndiyo miezi ambayo moto ukianza hupata kila wa kuusaidia. Kwa bahati mbaya, ndiyo pia miezi ambayo baadhi ya wenye nyumba hugundua kwamba hati ya bima waliyoifungia kabatini haisemi kile walichodhani inasema.

“Nyumba ya mawe haiungui.”

Dhana hii ina mizizi katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama kwa zaidi ya karne moja. Ni kweli kwamba ukuta wenyewe hauwaki. Kinachowaka ni vile ukuta unavyovibeba na kuvihifadhi: boriti za mikoko zilizoshikilia dari, milango ya mbao, mapazia na magodoro. Zaidi ya hayo, hatari nyingine iko uani, ambako jiko la nje limeezekwa makuti na mkaa unapepewa chini yake. Kuti likishika moto halitulii mahali pake. Vipande vyake vyepesi hupeperushwa vikiwa bado vinawaka, vikatua juu ya banda la jirani ambaye hata hakuwa anapika. Kwa sababu hiyo hiyo, kuchoma majani makavu alasiri, wakati upepo umeshika kasi, ni uzembe hata kama bomba la maji liko karibu. Yafukie shimoni yawe mbolea.

Kwa upande wa bima, fomu ya maombi huuliza kuta na paa vimejengwa kwa nini. Mtu huandika tofali na bati, naye anasema kweli, kisha mwaka unaofuata anajenga banda la makuti la kupumzikia wageni, lililogusana na baraza, bila kuiarifu kampuni. Mkataba wa bima husimama juu ya wajibu wa kueleza kila jambo linalobadilisha ukubwa wa hatari, na makuti ni jambo la namna hiyo. Zipo kampuni zinazoyakubali kwa ada kubwa zaidi na zipo zinazoyakataa, lakini lolote kati ya hayo ni afadhali kuliko kusikia habari ya makuti kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkaguzi wa hasara aliyesimama juu ya majivu. Barua moja ya taarifa, yenye muhuri wa kupokelewa, inatosha.

“Nikikata bima ya nusu, nitalipwa angalau nusu ya nyumba.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo inafaa kupiga hesabu. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kunahitaji shilingi milioni 80, nawe, ili kupunguza ada, umeikatia bima ya milioni 40. Moto unateketeza jiko na ukumbi, hasara ya milioni 10. Wengi hutarajia kulipwa zote 10, kwa kuwa ziko chini ya 40. Hata hivyo, mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu cha uwiano: kwa kuwa ulikatia nusu ya thamani, unahesabiwa kuwa umebeba nusu ya hatari mwenyewe, na fidia inakuwa milioni 5, tena kabla ya kutoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hujibebea.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Kiwanja cha karibu na ufuo kinaweza kuwa na bei kubwa kuliko nyumba iliyo juu yake, na anayekata bima kwa bei ya kuuzia mali yote analipia ada ya ardhi ambayo haiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya, ikiwemo ya kuondoa kifusi, na bei ya saruji na nondo ikipanda, kiasi hicho kipitiwe upya wakati wa kuhuisha bima.

“Bima ya moto inafunika kila kitu.”

Kwa kawaida hufunika moto na radi. Mafuriko, dhoruba na wizi huongezwa kwa makubaliano na kwa ada yake. Vyombo vya ndani huandikwa peke yake. Bima ambayo benki ilidai ulipochukua mkopo wa nyumba huenda inalinda jengo tu, na ya mwenye nyumba haimlipi mpangaji televisheni yake.

Wanaoishi Dar es Salaam na kuja Bagamoyo mwisho wa mwezi wasome kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Mikataba mingi hupunguza au kusimamisha sehemu ya kinga, hasa ya wizi, nyumba ikikaa tupu kwa siku 30 mfululizo, na mlinzi anayelala getini si lazima ahesabiwe kuwa mkaaji.

“Kiyoyozi kikiwaka, basi waya unatosha.”

Kiyoyozi kinahitaji waya wake kutoka kwenye swichi kuu. Kikichomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji, waya hupata moto polepole nyuma ya pazia, plagi hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na hewa ya chumvi hula viungio hadi vilegee. Plagi iliyobadilika rangi ni sababu tosha ya kumwita fundi siku hiyo hiyo. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo ukiinusa usiwashe wala kuzima taa, funga mtungi, fungua milango, toka nje, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

“Pwani yetu haina vimbunga.”

Ni nadra, lakini Aprili 1872 kimbunga kilichoipiga Zanzibar kiliharibu pia misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa imeanzishwa miaka minne tu kabla. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika upande wa Mafia. Uliza kama neno “dhoruba” limo katika hati yako.

Wapo wanaoikwepa bima kwa sababu za dini. Kwao takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ipo nchini, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, huisimamia pamoja na bima nyingine.

“Baada ya moto, safisha kwanza.”

Zuia hasara isiongezeke, kwa mfano kwa kufunika paa lililotoboka, lakini piga picha kabla ya kugusa chochote na usitupe mabaki hadi mkaguzi ayaone. Iarifu kampuni mara moja, kwa maandishi, na uombe taarifa ya zimamoto na ya polisi. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Msipoelewana na kampuni, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, hupokea malalamiko ya namna hiyo.