Umewekewa vali ya moyo? Warfarini Usiiache

Haya ndiyo niulizwayo kliniki hapa Lamu na waliorudi kutoka upasuaji wa moyo.

Vali mpya hudumu miaka mingapi?
Vali ni kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Ile muitayo "ya chuma" (kwa kweli nyingi ni za kaboni ngumu), inayolia tik tik kifuani usiku, aghalabu hudumu miaka 20 hadi 30. Ya ng'ombe au nguruwe hudumu kama miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi. Ikiwa ya nguruwe inakutia wasiwasi, mwambie daktari kabla ya upasuaji.

Ikiwa ya chuma haichakai upesi, warfarini ni ya nini?
Damu huganda juu ya vali hiyo, na warfarini ni dawa ya kuizuia damu isigande. Ukiacha dawa, donge huikwamisha vali, au hukatika likapanda ubongoni, ukapata kiharusi. Vali yenyewe nzima, aliyeivaa amepooza. Nimewaona, na wengi walikuwa wameacha wenyewe.

Lakini mwaka mzima sijaumwa. Si nimeshapona?
Hapana. Huumwi kwa sababu unameza. Mwenye vali ya chuma humeza warfarini maisha yake yote. Usiache.

Na nikienda dago kuvua wiki mbili?
Pima INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) kabla ya kuondoka, beba vidonge vya wiki tatu, maana bahari ikichafuka hutarudi siku uliyopanga. Vifunge visilowe. "Niliviacha nyumbani" nimeisikia mara nyingi mno.

Ramadhani je?
Warfarini ni mara moja kwa siku. Meza baada ya kufuturu, kila siku saa ileile. Saumu si sababu ya kuacha!

Mgongo ukiuma, ninunue dawa dukani?
Usinunue diklofenaki wala aspirini, wala usinywe mitishamba bila kutuuliza. Pamoja na warfarini, unaweza kuvuja damu tumboni usijue. Kabla ya kung'oa jino, sema una vali. Mwanamke akikosa hedhi aje mara moja: warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Usiache mwenyewe, mwanangu.

Nikimbilie hospitali lini?
Pumzi ikikatika, mdomo ukipinda, mkono ukilegea, choo kikiwa cheusi, au ile tik tik ikififia. Uliye Faza au Kizingitini, usingoje mashua ya asubuhi. Mwamsheni nahodha usiku huohuo.